Ukichangia Klabu ya Roboti ya Shule, KRA Inakuachia Ngapi? Soma Hii Kabla Utume Doh

Kila muhula ni story ile ile. Grupu ya WhatsApp ya wanafunzi wa zamani inalipuka asubuhi: klabu ya sayansi ya shule yetu imefuzu mashindano ya kaunti, roboti inatembea lakini betri zimekufa, na gari la kupeleka vijana halijalipiwa. Mwalimu anatupa namba ya Paybill. Picha za vijana wakiwa wameshika waya na mota zinafuata. Halafu kuna yule msee mmoja, hakosangi, anaandika: "Tumeni bila stress wazee, hiyo KRA watawarudishia."

Ni kweli ama ni ile kelele ya grupu?

Jibu fupi: sheria ipo, lakini wengi wetu tunaotuma hatuoni hata bob moja ikirudi. Wengine wanakosa kwa sababu walituma kwa mkono usiofaa. Wengine walitumia mkono sawa lakini hawakuitisha karatasi. Na kuna wale ambao hata wakifanya kila kitu kwa mpangilio, aina ya ushuru wanaolipa haina nafasi ya mchango. Hebu tuichambue pole pole, kwa sababu mchezo wa roboti mashuleni unazidi kupanda bei.

KWA NINI HII STORY NI YA SASA

Zamani tulijua Science Congress. Unachora chati, unapeleka jiko la makaa ulilotengeneza na mkebe, jaji anakuuliza maswali matatu, unarudi bwenini na sifa. Siku hizi mashindano yanaitwa KSEF, yanaanza kaunti ndogo, yanaenda kaunti, mkoa, mpaka kitaifa, na watoto wanaingia na roboti. Nje ya nchi kuna FIRST Global, mashindano ya roboti ambapo kila nchi inatuma timu moja. Yalianza Washington mwaka 2017.

Kwenye mtaala, mwaka 2022 KICD iliidhinisha mafunzo ya kuandika programu za kompyuta kwa shule za msingi na sekondari. Halafu Januari 2026 kundi la kwanza la CBC likaingia Gredi ya 10, likiwa na njia tatu za kuchagua: STEM, Sayansi ya Jamii, na Sanaa na Michezo. Serikali inataka karibu 60% ya wanafunzi waende STEM.

Sasa piga hesabu ya klabu moja ya roboti. Unahitaji bodi ndogo ya kompyuta kama Arduino, ile iliyozaliwa Italia mwaka 2005 ili wanafunzi wa chuo wapate kitu cha bei ya chini. Unahitaji sensa, mota, magurudumu, waya, chuma cha kulehemu, betri za kuchaji, na laptopu angalau moja ambayo haizimi ukiigusa. Ukimaliza hapo, bado kuna intaneti, nauli na chakula cha watoto siku ya mashindano. Pesa ya serikali kwa kila mwanafunzi ina kazi zingine za kufanya kabla ifikie mota ya roboti. Kwa hivyo klabu nyingi zinaishi kwa michango: wazazi, wanafunzi wa zamani, mwenye duka la vifaa vya umeme mtaani, kampuni fulani.

Hapo ndipo swali la ushuru linaingia.

SHERIA INASEMA AJE

Kitu ya kwanza kujua: hakuna mahali sheria ya Kenya inataja roboti. Usidanganywe na mtu kwamba kuna punguzo maalum la STEM. Kilichoko ni kifungu cha 15(2)(w) cha Sheria ya Ushuru wa Mapato, Sura ya 470. Kinasema mchango unaweza kuondolewa kwenye mapato yako kabla ushuru upigwe, ikiwa umeupeleka kwa mmoja kati ya wapokeaji wawili:

Wa kwanza ni shirika la hisani ambalo mapato yake yamesamehewa ushuru chini ya aya ya 10 ya Jedwali la Kwanza la sheria hiyo. Hapo ndipo wanaingia wanaosaidia maskini, wanaoendeleza dini, na wanaoendeleza elimu. Klabu ya roboti inaingia kupitia mlango wa elimu.

Wa pili ni mradi ulioidhinishwa na Waziri wa Fedha. Hii ni njia ya miradi mikubwa. Klabu ya vijana kumi na wawili na meza moja ya maabara haitafika huko kirahisi.

Zamani sheria ilitaja pesa pekee. Ukitoa laptopu, ulikuwa umetoa kwa roho safi na basi. Siku hizi sheria inataja mchango, bila kuubana kwa pesa. Lakini nikushauri: pesa iliyopita benki ama M-Pesa haina ubishi kuhusu ni ngapi. Laptopu ya miaka sita unayosema ni ya thao hamsini, hiyo utaieleza ukitoka jasho. Kama unanunua kifaa kipya cha kupeana, itisha risiti ya eTIMS kwa jina lako ama la kampuni yako, ili bei iwe imeandikwa na mtu mwingine, si wewe.

Kuna kanuni za 2024 zinazosimamia mashirika ya hisani na michango, zilizochukua nafasi ya zile za 2007. Ukizitoa lugha ya mawakili, wazo lake ni rahisi: mchango ni mchango. Haurudi kwako. Hauna kamba umefunga nyuma. Na wewe ama watu wako wa karibu hamfaidiki nao.

HESABU YENYEWE: "KUONDOLEWA" SI "KURUDISHIWA"

Hapa ndipo yule msee wa grupu anapotea na kupoteza wengine. KRA haikutumii pesa kwa sababu umechangia. Mchango unatolewa kwenye faida, halafu ushuru unapigwa kwa kilichobaki. Tofauti ni kubwa kuliko inavyosikika.

Chukua mfano. Uko na kampuni ndogo ya kuweka umeme wa jua. Mwaka huu imepata faida ya shilingi 2,000,000. Ushuru wa kampuni ni 30%, kwa hivyo ungelipa 600,000. Sasa umechangia 200,000 kwa klabu ya roboti kupitia wakfu ulio na cheti. Faida ya kutozwa inashuka hadi 1,800,000. Ushuru unakuwa 540,000. Umeokoa 60,000.

Maanake klabu imepata 200,000, mfuko wako umetoboka kwa 140,000, na ile 60,000 nyingine ni kama serikali imekusaidia kutoa. Hiyo ni poa. Lakini kama uliambiwa 200,000 itarudi yote, ungeshtuka Juni ikifika.

Sasa kama biashara ni yako binafsi, si kampuni, unatozwa kwa ngazi za mtu binafsi. Hapo mambo yanachangamka:

Mwenye mapato ya kutozwa yaliyo kati ya 388,000 na milioni sita kwa mwaka, shilingi yake ya juu inatozwa 30%. Akitoa soo moja, anaokoa bob 30.

Mwenye mapato ya zaidi ya milioni 9.6 kwa mwaka, shilingi yake ya juu inatozwa 35%. Akitoa soo, anaokoa bob 35.

Na yule ambaye mapato yake ni 288,000 kwa mwaka kushuka chini? Yeye yuko ngazi ya 10%, lakini ile nafuu ya kila mtu ya 2,400 kwa mwezi tayari imemaliza ushuru wake wote. Akitoa soo, anaokoa sufuri.

Soma tena hiyo. Tajiri akitoa soo kwa klabu, kwake ni kama ametoa bob 65. Mama wa genge akitoa soo, ametoa soo. Wote wawili wamefanya kitu kizuri, lakini sheria inamshika mkono yule aliye na nyingi. Hii si Kenya pekee, ndivyo mfumo wa kuondoa mchango kwenye mapato unavyofanya kila mahali unapotumika.

KAMA UKO KWA USHURU WA MAUZO, POLE

Wenye maduka, saluni, vibanda vya simu na hardware ndogo, skizeni hapa. Kama mauzo yako ni kati ya milioni moja na milioni 25 kwa mwaka na unalipa ule ushuru wa mauzo wa 3%, KRA haiangalii gharama zako kabisa. Inaangalia ulichouza.

Sema umeuza bidhaa za milioni nne mwaka mzima. Ushuru ni 120,000. Ukichangia thao mia moja kwa roboti za shule, ushuru bado ni 120,000. Ukichangia sufuri, bado ni 120,000. Hakuna mstari wa kuandika mchango.

Sheria inakuruhusu kuiandikia KRA uombe kutoka kwa mfumo huo na kulipa kama biashara ya kawaida, ile ya faida toa gharama. Lakini usihame kwa sababu ya mchango pekee. Ukihama, lazima uweke vitabu vya hesabu vilivyonyooka mwaka mzima, na kama faida yako ni nene unaweza kujikuta unalipa zaidi.

Landlords wadogo pia, wale wanaolipa 7.5% ya kodi ya nyumba kila mwezi, wako kwa mashua hiyo hiyo. Ushuru huo unapigwa kwa kodi yote iliyoingia, bila kutoa gharama.

NA SISI WA MSHAHARA?

Angalia slipu yako ya mshahara. Utaona SHIF, utaona makato ya nyumba, utaona NSSF, pengine pensheni. Hayo ndiyo mwajiri anayatoa kabla apige PAYE. Hakuna mstari wa "klabu ya roboti". Ukimwendea mtu wa malipo ofisini na risiti ya shule, atakuangalia tu.

Kwa hivyo kama mapato yako yote ni mshahara, toa kwa sababu unataka watoto wajifunze. Usijenge bajeti juu ya pesa ya kuokoa kwa ushuru. Na kama mchango wako ni mkubwa, ile ya laki kadhaa, tafuta mhasibu wa ushuru kabla ya kutuma, si Juni 29 usiku iTax ikiwa imekwama na wewe umekwama.

Njia nyingine ambayo wengi wanaisahau: ongea na mwajiri. Kampuni iko kwa ile 30%, ina mhasibu, na inajua kuweka karatasi. Kama mko wanafunzi watano wa shule moja ndani ya kampuni moja, barua yenu kwa bosi inaweza kuletea klabu vifaa ambavyo nyinyi watano hamngeweza kununua.

KARATASI TATU ZA KUITISHA

Ukishajua uko kwa kundi linaloweza kufaidika, kazi yako ni kuitisha karatasi. Bila hizo, mbele ya KRA ulichotoa ni zawadi tu.

Moja, risiti ya mpokeaji. Iwe na jina lako ama la kampuni kama lilivyo kwa PIN, tarehe, kiasi, na iwe imethibitishwa na shirika lenyewe. Ujumbe wa M-Pesa unaonyesha pesa imetoka kwako. Hauonyeshi ilikuwa ya nini.

Mbili, nakala ya cheti cha msamaha wa ushuru cha mpokeaji. Angalia tarehe. Cheti hiki kinadumu miaka mitano na KRA inaweza kukifuta kabla ya hapo ikiwa na sababu. Shirika likikuletea cheti cha kitambo ambacho muda wake umeisha, umebaki na karatasi nzuri ya kufungia mandazi. Kama ni mradi wa Waziri, itisha nakala ya idhini.

Tatu, tamko la maandishi kutoka kwa mpokeaji kwamba mchango utatumika kwa kazi ya hisani iliyokusudiwa na hakuna kingine.

Ziweke kwa miaka mitano. KRA inaweza kuuliza mwaka wa tatu, wakati hata yule mwalimu ameshahamishwa na simu yake haishikiki.

Na usione ni mchezo. Ukiandika mchango kwenye hesabu halafu KRA iukatae, utalipa ule ushuru uliokuwa umeokoa, uongeze faini ya 5%, na riba ya 1% kila mwezi tangu siku ulipofaa kulipa. Mchango wa roho safi unageuka ngori.

PAYBILL YA NANI?

Sasa turudi kwa ile namba iliyotupwa kwa grupu. Kabla utume, uliza swali moja: hii akaunti ni ya nani?

Kama ni namba ya simu ya mwalimu, hata awe mtakatifu, hiyo kwa KRA ni pesa umempa mtu. Kama ni akaunti ya grupu ya marafiki wa mwaka fulani ambao hawajajisajili popote, pia hakuna kitu. Kama ni akaunti ya shule yenyewe, usidhani kwamba kwa sababu ni shule ya umma basi iko na cheti. Uliza. Na kama ni shule ya kibinafsi inayofanya biashara ya karo, ujue kuwa na madarasa hakuifanyi kuwa shirika la hisani.

Shule nyingi kubwa zenye majina zimepita hapa kitambo. Wanafunzi wao wa zamani ni mawakili, wahasibu na wakurugenzi. Ukiwa na watu kama hao, kufungua wakfu na kuomba cheti ni kazi ya mikutano michache. Kampuni ikitaka kuchangia, inapata mlango uko wazi na karatasi ziko tayari.

Shule ya kutwa kule ndani ndani, ambapo mwalimu wa fizikia ndiye pia mwalimu wa kompyuta na ndiye anayelinda ufunguo wa maabara, haina mtu wa kuandika katiba ya wakfu. Kampuni ile ile ikija na pesa ile ile, mhasibu wake ataangalia na kusema: hawa hawana cheti, twende kwa wale wengine. Hakuna aliyewachukia wale watoto. Karatasi tu ndiyo haikuwepo. Na mwaka ujao shule yenye roboti tatu inapata ya nne, yenye sufuri inabaki na chati ya manila.

LOGO KWA FULANA NI STORY TOFAUTI

Kuna wafanyabiashara wanataka jina lao liandikwe mgongoni mwa fulana za timu, bango liwekwe langoni, na watajwe siku ya mashindano. Hakuna ubaya. Lakini hapo umenunua matangazo. Umepata kitu.

Habari njema ni kwamba matangazo ya biashara yako yana njia yake kwenye sheria: gharama uliyoingia ili kupata mapato inaondolewa kwenye faida, na hiyo haihitaji shule kuwa na cheti cha msamaha. Lakini lazima ionekane ni matangazo ya kweli. Weka makubaliano kwa maandishi, picha za fulana na bango, na malipo yaliyoandikwa wazi kwamba ni ya udhamini. Chagua moja. Usiiite mchango leo na matangazo kesho kulingana na upepo.

Na mzazi, wewe pia: kama shule imekuambia "toa mchango wa maabara" halafu karo ya mtoto wako inapunguzwa kwa kiasi hicho hicho, huo si mchango. Ni karo imevaa koti.

WENZETU WANAFANYAJE

Ili uone mfumo wetu si wa pekee, cheki mifano miwili.

Jimbo la Arizona, Marekani, lina punguzo la shule za umma ambalo linataja moja kwa moja shughuli za nje ya darasa. Klabu ya roboti inaingia hapo bila kusukumana. Mtu mmoja anaweza kutoa hadi dola 200 kwa mwaka, na wanandoa wanaojaza pamoja hadi dola 400, na kiasi hicho chote kinatolewa kwenye ushuru wa jimbo wenyewe, si kwenye mapato. Toa dola 200, ushuru wako wa jimbo unashuka kwa dola 200. Kama ushuru wako ni mdogo kuliko hapo, kinachobaki unakibeba hadi miaka mitano mbele. Hakuna wakfu unaohitajika, unalipa kwa shule.

Tamu, sivyo? Lakini hata huko kumekuwa na lawama za miaka mingi: mitaa ya wenye pesa inakusanya mingi, mitaa ya walio na msoto inakusanya kidogo, kwa sababu watu huchangia shule wanayoijua, ile ya watoto wao.

Uingereza wana Gift Aid. Mlipa ushuru akitoa pauni moja kwa shirika la hisani, shirika lenyewe linaidai serikali peni 25 juu yake. Faida ya kwanza inaenda kwa mpokeaji. Mtoaji anajaza fomu fupi tu. Ukiniuliza, kwa nchi yenye watu wengi wanaochangia soo soo kwa simu, wazo la aina hiyo lingefika mbali kuliko letu.

Na nyinyi mlio majuu: ukiwa Marekani na ukitaka mchango uhesabiwe kwa ushuru wako wa huko, kutuma moja kwa moja kwa shule ya Kenya hakutakusaidia. Lazima upitie shirika la hisani lililosajiliwa Marekani ambalo linafanya kazi na shule za huku. Na ukijaza sanduku la vifaa uvitume, usidhani kwamba kwa sababu ni zawadi vitapita bandarini bure. Ushuru wa forodha ni sheria nyingine kabisa. Uliza ajenti kabla kontena ipakiwe.

KWA MWALIMU NA BODI YA SHULE

Kama wewe ndiye unayeomba, kazi yako ni kufungua mlango kabla mgeni agonge. Kuna njia mbili.

Ya haraka: tafuta shirika la elimu ambalo tayari lina cheti, na mkubaliane kwa maandishi kwamba lipokee michango ya klabu yenu na kuipeleka kwa vifaa mlivyoorodhesha. Shirika lenyewe ndilo litatoa risiti na tamko. Hakikisheni kuna orodha ya vifaa na bei zake, na kwamba kila kitu kikinunuliwa kinaandikwa kwa daftari la maabara.

Ya muda mrefu: wanafunzi wa zamani wasajili wakfu ama shirika la kuendeleza elimu shuleni, wapate PIN, wafungue akaunti ya benki yenye watia saini zaidi ya mmoja, waandike hesabu na zikaguliwe, halafu waombe KRA msamaha. KRA itataka kuona katiba, hesabu, taarifa za benki na ushahidi kwamba kazi inafanyika kweli na inawafaidi Wakenya. Ukianza leo na vitabu safi, mwaka ujao hutakuwa unabahatisha.

Halafu ukiomba mchango, sema ukweli. Andika kwenye ujumbe: "Tuko na cheti, muda wake unaisha tarehe fulani, risiti utapata ndani ya wiki moja." Ama uandike: "Hatuna cheti bado, mchango huu hautapunguza ushuru wako." Watu watatoa tu. Kinachowafanya waache kutoa mwaka unaofuata ni kugundua waliongopewa.

Kwa hivyo wewe unayesoma hii na uko na simu mkononi: kama uko kwa mshahara ama ushuru wa mauzo, tuma soo zako na ujue zimeenda. Kama uko na kampuni, usitume bila zile karatasi tatu.

Na kama wewe ni wakili ama mhasibu uliyesoma shule ya kutwa ambayo haina jina, kuna mchango mmoja mkubwa kuliko betri. Wikendi mbili tatu za kuwaandikia katiba ya wakfu na kuwajazia maombi ya KRA zitafungulia hiyo shule kampuni ambazo leo zinaipita. Ushuru wako hautapungua hata bob moja, kwa sababu masaa yako hayaandikwi popote kama gharama. Lakini shule itakuwa na cheti cha miaka mitano, na mwalimu wa fizikia hatalazimika tena kutupa namba yake ya simu kwa grupu.